Kabureta Aliyoiseti Mama

Juzi nikipita mtaa wa Gerezani nilisikia injini ikinguruma, na harufu ya petroli ikanirudisha utotoni, kwenye gereji ya mjomba.

Mama alikuwa ameliinamia gari la mashindano, akiseti kabureta mpya. Alikaza skrubu, akalegeza kidogo, akasikiliza, mpaka mngurumo ukatulia.

Mwenye gari alipofika, alimpa mjomba mkono. "Fundi, umeiweza!"

"Ndiyo kazi yangu, bosi," mjomba akajibu, kisha akamgeukia Mama. "Dada, tuletee chai."

Mama aliibamiza bisibisi sakafuni. Macho yake yalikuwa mekundu, nami nilidhani petroli imemwingia. Alinishika mkono tukaondoka, na hakukanyaga tena gereji ile.

Mpaka leo, shikamoo ya mjomba hunikwama kooni.