Sabuni Iliyonuka Samaki

“Povu tangu lini likaziba mtaro? Povu ni hewa, baba! Kinachoziba ni hayo mafuta yako unayoyamwaga kila jioni, utadhani mtaro una nywele unazipaka!”

Mama Povu alikuwa amesimama katikati ya uchochoro, gauni amelikunja na kulichomeka kiunoni, maji meusi yamemfika vifundoni. Mbele yake, mlangoni pa hoteli, mpishi alikuwa ameegemea fremu na mwiko mkononi, na uso wake ulionyesha kwamba kusingiziwa kumemchosha.

“Mama, kwa heshima zako,” alisema, “mimi namwaga kopo moja. Wewe unamwaga mapipa. Hebu tuulize nani kati yetu anayejaza mtaro.”

“Maji yanapita! Mafuta yanakaa!”

“Yanapita yaende wapi, mbona yamekufika miguuni?”

Wangeendelea hivyo mpaka jua lizame, kwa maana mama yule hajaumbiwa kushindwa kwa maneno. Lakini mwenye nyumba akatokea, suruali kaipandisha mpaka magotini. Safu yote ya vyumba ilikuwa yake: dobi, hoteli, na kibanda cha fundi saa pale pembeni. Stoo yake ya nyuma ilikuwa imeingia maji, na magodoro aliyokuwa ameyaweka humo yalikuwa yameloa.

“Sitaki kusikia povu, sitaki kusikia mafuta,” alisema. “Mvua zinakuja. Zikija nikakuta maji yameingia tena stoo, mmoja wenu atahama. Na kwa kuwa dobi ndiye mwenye maji mengi, atahama dobi.”

Akageuka akaondoka. Kwa Mama Povu, dobi mwenyewe, kuhama hakukuwa jambo dogo. Jina la Mama Povu alipewa na watoto wa mtaani zamani, alipokuwa akifulia uani kwake na mabeseni mawili, mume kafariki na watoto bado wadogo. Nguo za watu ndizo zilizowasomesha. Baada ya kuhangaika sana ndipo akapata chumba hiki, chenye sakafu ya saruji iliyoinama vizuri kuelekea tundu la maji, bomba liko ndani, na juu paa tambarare la kuanikia shuka bila kugombana na vumbi. Chumba kama hicho dobi haokoti njiani. Akikipoteza, anarudi uani na mabeseni yake mawili, na magoti yake si yale ya zamani.

“Nitawaonyesha,” alimwambia wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ambaye ndiye anayepiga pasi pale. “Nitaufukua huo mtaro hadharani, kila mtu ajionee mafuta ya yule bwana.”

“Na wewe mwenyewe wifi, una uhakika?”

“Kama ninavyojua wewe ni mvivu.”

“Basi tumekwisha,” alisema wifi, akaitua pasi. “Maana mimi si mvivu.”

Asubuhi wakainua vifuniko vya saruji. Mpishi alikuja na koleo, kwa kuwa alitaka naye kuonyesha. Fundi saa akaacha kibanda chake akaja kutazama. Chini kabisa, pale mtaro unapokata kona, palikuwa na donge la kijivu, kubwa kama godoro la mtoto lililokunjwa. Mama Povu, wifi na mpishi walilivuta mpaka likatoka, na harufu yake ikatoka nalo.

“Haya!” Mama Povu alishika kiuno. “Mafuta hayo! Yanajieleza yenyewe!”

Mpishi akalipasua kwa koleo. Ndani hakukuwa na mafuta matupu. Kulikuwa na nyuzi: nyekundu, bluu, nyeupe, manyoya ya taulo, uzi wa sweta, zimesokotana na mafuta kama zege na nondo. Fundi saa, ambaye kioo chake kidogo cha jicho hakimtoki hata akila, aliinama akachungulia.

“Mafuta ni ya hoteli,” alisema taratibu. “Lakini haya manyoya, mama, sidhani kama kuna mtu anakaanga taulo.”

Wifi alicheka mpaka akakaa chini. “Nyani haoni kundule,” alisema mpishi, bila hata kucheka. Na Mama Povu, mwanamke ambaye hata siku aliyong’olewa jino alitoka akimtukana mganga wa meno, siku hiyo alikosa neno.

Alikosa neno lakini hakukosa akili. Jioni ileile alichukua soksi ndefu ya zamani, akaifunga kwenye mdomo wa bomba la kutolea maji. Kila siku anaifungua, anakung’uta manyoya, anayatupa kwenye pipa la taka. Kisha akaona yale maji ya kusuuzia ya mwisho yanayomwagwa yakiwa meupe kabisa, hayana kosa lolote. Akayaweka kwenye pipa, kesho yake akayatumia kulowekea nguo chafu za mwanzo. Mwezi ulipoisha, bili ya maji ilikuja ndogo mpaka akadhani mita imekufa, akaigonga na kiatu.

Kwa hiyo upande wake aliusafisha. Ukabaki upande wa pili.

“Umeziba nyuzi, vizuri,” mpishi alimwambia. “Mimi mafuta nitayapeleka wapi? Niyanywe?”

“Yalete kwangu.”

“Uyafanye nini?”

“We yalete. Mtu akiombwa taka yake, haulizi.”

Alikuwa amekumbuka kwamba mama mkwe wake, mama wa huyu wifi, zamani alikuwa akitengeneza sabuni kwa mafuta yaliyokwisha kukaangia, kwa kutumia ile dawa kali iitwayo kostiki. Mama Povu alikuwa ameshika nusu ya mambo hayo na wifi nusu nyingine, na kila mmoja aliona nusu yake ndiyo kubwa.

“Kostiki unaitia kwenye maji, si maji kwenye kostiki! Unataka iturukie machoni?”

“Najua! Nilikuwa najua kabla hujaolewa kwetu!”

Walivaa glavu, wakafunga vitambaa puani, wakachuja mafuta ya mpishi, wakakoroga mpaka mikono ikafa ganzi. Uji ule ukawa mzito, wakaumimina kwenye masanduku ya mbao, wakauacha siku nyingi ukauke na kupoa ukali wake. Walipoukata, vipande vilikuwa vya rangi ya maziwa yenye chai kidogo, vigumu, na vilitoa povu la kumfaa mwenye jina. Mama Povu alizungusha kipande mkononi, akakinusa.

“Hakinuki kitu,” alisema.

“Hakinuki kitu,” alikubali wifi.

Na kweli hawakusikia kitu. Ila ni watu walioshinda miaka yote ukuta kwa ukuta na karai la samaki la hoteli. Pua zao zilikwisha kuzoea, hazikujua tena kwamba harufu ile ni harufu.

Nguo ya kwanza kufuliwa kwa sabuni hiyo ilikuwa shati jeupe la fundi saa, aliyetaka kwenda studio kupiga picha na familia yake. Alikwenda. Kesho yake alirudi na shati kwenye mfuko, mtaratibu kama kawaida yake, na hilo lilikuwa baya zaidi kuliko angekuja na matusi.

“Mama,” alisema, “si ubaya, lakini paka wawili walinisindikiza mpaka studio. Mmoja tukamfukuza. Wa pili yumo kwenye picha.”

“Yumo wapi?”

“Mapajani kwangu. Mke wangu kanuna. Anasema tutaitundikaje ukutani. Una deni langu la shati.”

Mama Povu alilifua shati mara tatu kwa sabuni ya dukani, akalianika juani kutwa. Akampa mteja mwingine alinuse. Mteja akauliza kama chakula kiko tayari.

Alikwenda moja kwa moja mpaka jikoni kwa mpishi. “Mafuta yako siyataki tena. Umenipa samaki.”

“Nilikupa mafuta. Hukuuliza yamekaanga nini. Si ulisema mtu akiombwa taka yake haulizi?” Mpishi akafuta mikono kwenye aproni. “Sawa. Lakini mimi nayarudisha mtaroni, mama. Sina pengine.”

Mama Povu alitoka nje, akatazama juu. Mawingu yalikuwa yamejaa upande ule inakotokea mvua kila mwaka. Mafuta yakirudi mtaroni, donge litarudi, na safari hii soksi yake haitamwokoa. Mwenye nyumba hatapasua donge aangalie nyuzi. Alirudi ndani, akakaa juu ya kifurushi cha shuka, akashika tama. Wifi yake alimtazama kwanza, maana kumwona katika hali ile si jambo la kila siku, kisha akachukua simu akampigia mama yake.

Bibi alisikiliza yote, mpaka paka wa kwenye picha. Kisha kicheko chake kikasikika chumba kizima.

“Nyie watoto! Mmetengeneza sabuni, mafuta yenyewe hamkuyaogesha?”

“Mafuta yanaogeshwa, mama?”

“Hayajatoka jikoni kwa mtu? Yachemsheni na maji ya chumvi, myaache yatulie, uchafu na harufu vinashuka na maji, nyie mnaengua ya juu. Fanyeni hata mara mbili. Na ya samaki msiyachanganye na mengine, hayo hata yakioga yanabaki samaki. Mlikuwa mnatazama wapi nilipokuwa nafanya?”

“Mimi nilikuwa namtazama mwanao,” alisema Mama Povu, na bibi akacheka tena mpaka akakohoa.

Kazi ikawa kumshawishi mpishi akaange samaki peke yao.

“Karai moja linanitosha,” alisema.

“Sabuni ya kuoshea vyombo unanunua?”

“Nanunua. Tena nyingi.”

“Ongeza karai la samaki, na hutanunua tena. Mafuta ya viazi na mayai nayachukua mimi, nakuletea sabuni ya vyombo. Ya samaki nayo nayachukua, nitawatengenezea mafundi wa gereji. Mikono yao inanuka petroli, samaki kwao ni manukato.”

Mpishi alifikiri, mwiko kidevuni. “Na hii aproni yangu, utanifulia bure?”

“Utaifua mwenyewe. Usinipande kichwani.”

Karai la pili lilipatikana. Mafuta yaliogeshwa mara mbili, bibi akiuliza kwa simu kila hatua kama mwalimu wa zamu. Sabuni mpya ilipokauka, Mama Povu hakuiamini pua yake wala ya wifi. Aliweka chini kipande cha zamani na kipande kipya, akamwita paka mmoja wa uchochoroni. Paka alikwenda kwenye cha zamani, akakilamba, akakunja uso. Kipya alikipita kama jiwe.

“Hakimu kasema,” alisema wifi.

Mvua zikaja kweli, kubwa, mchana kutwa. Mwenye nyumba alisimama uchochoroni na mwavuli, akitazama mtaro. Maji yalishuka kwa kasi, yakakata kona bila kusita, yakaenda zake. Alifungua stoo, akapapasa sakafu kwa mkono. Kavu. Mama Povu alikuwa mlangoni, beseni mikononi, amesahau kulitua.

“Naona,” alisema mwenye nyumba. Kwa mzee yule, hilo lilikuwa sawa na mwingine kupiga vigelegele. Alikwenda hatua chache, akarudi. “Chumba ni chako. Kaa na maji yako. Na, eeh, mke wangu kasikia kuna sabuni.”

“Ipo, baba. Ya kawaida, au ya samaki?”

“Usinitanie, mama.”

Mvua ilipokatika, Mama Povu alichukua shati jeupe jipya alilomnunulia fundi saa, lililofuliwa kwa sabuni yake na kupigwa pasi mpaka kola ikasimama, akalipeleka kibandani mwenyewe. Fundi saa alitoa kioo jichoni, akanusa kola, akanusa makwapa, akanusa hata tundu za vifungo. Hakuridhika na pua yake. Alilivaa hapohapo, akatoka, akapita polepole mbele ya hoteli ambako paka wote wa mtaa walikuwa wamekaa wakisubiri vichwa vya samaki. Hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo.

Akarudi, akifunga kifungo cha mwisho.

“Tumemalizana, mama.”

“Tumemalizana, baba,” alisema Mama Povu, akarudi kuloweka shuka.