Misumari Sita ya Fundi Cherehani

Juzi kompyuta kuukuu ya mjukuu wangu Zuhura iligoma kufungua kazi nyingine. "Bibi, imefika kikomo chake. Mpaka nifunge moja kwanza." Sikumwamini. Maneno hayo nilishayasikia utotoni, mtaani kwetu Ng'ambo, kwenye kibanda cha fundi cherehani kilichonuka mafuta ya mashine.

Nilipeleka kitambaa cha gauni la Idi. "Misumari sita, nguo sita. Imejaa," alisema fundi, akionyesha ukutani alikotundika kazi zake. Nikajua ananichukia tu. Alipoinama kutunga uzi, nilishusha gauni la mtu, nikalisukumia chini ya benchi, nikatundika kitambaa changu.

Fundi aliona pindo likichungulia, akacheka. "We binti, msumari umeupata. Na mikono yangu je, umeiongeza?"

Idi ile nilivaa gauni la zamani, nimenuna.

Zuhura nilimkazia macho, kisha nikasema, "Haya, funga moja."