Kaske Chini ya Kilemba

Katika video za harusi, ubatizo na misiba ya Wakongo na Warundi wa Durban, kuna mtu mmoja ambaye haonekani hata mara moja, naye ni Epiphanie. Yuko nyuma ya kamera. Ukitaka kumwona inabidi uende mjini, saluni kwa Gracieuse, alikokodi kona yenye meza, kompyuta na harufu ya nywele zinazoungua. Hapo ndipo anapohariri, na hapo ndipo hasira zake hukaa siku za kazi. Jumapili huenda nazo kanisani.

Hasira zenyewe zilianzia kwenye kaske, zile za kusikilizia, kubwa, nyeusi, zenye utepe unaopita juu ya kichwa. Hazivai kwa urembo. Picha inachukuliwa mbele ya macho ya watu wote, lakini sauti huingia kimyakimya, na ikiharibika hakuna anayejua mpaka wageni wamekwisha kula wali na kwenda zao. Waya ukilegea, kaske husema. Maiki ikikwaruza koti la bwana harusi, kaske husema. Bila kaske mpiga video anabaki kuomba Mungu tu, na Epiphanie hajawahi kuona malaika akishuka kukaza waya.

Lakini kanisa lao la Sydenham lina protokoli, yaani wale ndugu wa kupokea watu mlangoni na kuwaonyesha viti. Mkuu wao ni Bertrand. Siku za kazi huvaa kofia ya kapelo na kubadilisha vioo vya simu. Jumapili huvaa glavu nyeupe na kugawa nidhamu bure. Kwa sheria yake, mwanamke haingii bila kitambaa kichwani, na kaske hazikai juu ya kitambaa kinachoteleza. Kwenye harusi ya Jeancy alimvua Epiphanie kaske kwa mkono wake mwenyewe.

"Dada, hapa haiko disko. Unasikiliza muziki mbele ya Bwana?"

Basi Epiphanie akapiga harusi nzima bila kusikia kitu, na harusi nzima ikatoka inavuma kama friji. Tangu siku hiyo mjini wanamwita Mama Bubu. Bertrand hakupewa jina lolote.

Kisha akaja Doris, binti wa Mzee Athanase, akasimama katikati ya saluni akakataa kiti.

"Baba wanampasua koo Jumatano," alisema. "Ile uvimbe. Daktari anasema sauti itaenda nayo yote. Jumapili atasema kanisani, awatumie video watoto wake, wale wa Uvira na wale wa Canada. Ni mara moja tu, dada yangu. Hakuna kurudia."

"Bertrand atakuwa mlangoni?"

"Bertrand anakosaga siku gani?"

Epiphanie akaanza kukasirika hapohapo, kwa akiba.

Jumapili alivaa kaske kwanza, nyumbani kwake Cato Manor, halafu akazungushia kitenge kizima juu yake. Kilemba kikatoka kikubwa hata ndani ya taksi watu wakasogea mbali naye. Mlangoni Bertrand aliinamisha kichwa. "Karibu sana, mama," akasema, akampeleka safu ya mbele, wanapokaa watumishi wa Mungu na wake zao. Epiphanie akamshukuru, akasimamisha kamera yake hapo.

Mzee Athanase akapanda. Sauti yake ilikuwa imebaki nyembamba, kama karatasi inayofunuliwa. "Watoto wangu," alianza, na chini yake ikaanza piano.

Katika kanisa hilo hakuna mtu anayesema jambo zito bila Peguy kumwekea piano chini, polepole, kama mtu anayemwagia wali mchuzi. Waliokaa ukumbini hawakuona tabu; walikuwa wanamtazama mzee mdomoni. Lakini kwenye kaske piano ilikuwa inammeza mzee kuanzia miguuni. Epiphanie alimpungia Peguy mkono. Peguy alikuwa amefumba macho, yuko katika Roho. Alimpungia Bertrand. Bertrand akakitabasamia kilemba, kwa heshima zote.

"Watoto wangu, mimi..." Piano.

"Peguy!" Mtu aliyeziba masikio hajipimi sauti. "Zima hiyo piano! Zima! Unamfunika mzee!"

Kanisa zima liligeuka. Na kabla Epiphanie hajafunga mdomo, Mzee Athanase alikuwa ameshaanza kucheka, kicheko kizito kilichochanganyika na kikohozi.

"Asante, mwanangu," alisema kwenye maiki. "Tangu tufike Afrika Kusini nilikuwa naogopa kumwambia."

Watu wakacheka mpaka benchi zikalia. Kisha mzee akasema yake bila kitu chini. Akawataja watoto mmoja mmoja, na kila jina likaingia zima.

Jumatatu Bertrand alitokea saluni, kapelo kichwani.

"Mama Bu... dada Epiphanie. Protokoli tumekaa kikao. Ile kelele yako unaikata. Ni aibu ya kanisa."

"Nikikata kelele nakata na kicheko. Vimeshikana."

"Kicheko gani? Mimi nilisikia kelele tu."

"Huo ndio ugonjwa wako." Alirudisha video nyuma, akamnyooshea kaske. "Vua kofia."

"Nini?"

"Kofia, kaka. Hapa ni kwangu."

Gracieuse aliacha kusuka. Bertrand akavua, ikaonekana kwamba kapelo ilikuwa na sababu zake, akavaa kaske. Alisikiliza hadi mwisho. Mzee alipokuwa akitaja majina, midomo ya Bertrand ilikuwa inayafuata.

"Rudisha," alisema. Akarudishiwa. "Tena."

Mwishowe alizivua na kurudisha kofia mahali pake. "Iko sawa. Lakini hiyo sauti yako, huwezi kuipunguza kidogo?"

"Hapana."

Doris alipelekewa yote siku hiyohiyo, kelele ndani, kicheko ndani. Jumatano walimpasua mzee.

Jumapili iliyofuata, Mzee Athanase akiwa bado kitandani hospitalini, akiongea kwa kuandika kwenye simu, Epiphanie alifika mlangoni na kilemba kilekile. Kanisa zima sasa lilijua kilichomo. Glavu nyeupe ikamsimamisha. Neno kaske Bertrand hakulitamka.

"Dada, hicho kilemba kinawaziba watu wa nyuma."

Epiphanie akagusa masikio yake kuonyesha kwamba hasikii, akapita.