Mkia wa Bibi Harusi

Mwenye farasi mweusi hulala, mwenye farasi mweupe hubeba ndoo. Hivyo ndivyo walivyosema watunza farasi wa zizi lile, na huko ndiko yule mama alikolipata jina lake. Walimwita Mama Ndoo. Mtoto hakujaliwa, ila ndoo alikuwa nazo nne, na ole wake aliyezigusa.

Alikuwa mtu wa makamo, mfupi, mikono imekauka kwa sabuni kama gamba la mti. Kusoma hakujua. Miaka kumi na sita aliosha, alilisha na kuchana farasi wa watu, na katika miaka hiyo hiyo mumewe alimwambia, "Kaa na mama, anaumwa, nitarudi," akaenda kuoa kwingine. Mama Ndoo akabaki na mkwe. Alimgeuza kitandani, alimnywesha uji, alimfulia, miaka saba mizima. Siku mkwe alipozikwa, mume alikuja, akalia kuliko wote, akala kuliko wote, akapanda gari akarudi kwa mkewe. Hata asante hakuiacha mlangoni.

Tangu hapo Mama Ndoo aliishi chumba cha nyuma katika nyumba ya wakwe, na mwenye nyumba sasa alikuwa wifi yake, dada wa mume. Huyo wifi alifanya kazi pale pale zizini. Aliyemtafutia kazi ni Mama Ndoo. Aliyemfundisha upande gani wa farasi unauma na upande gani unapiga teke ni Mama Ndoo. Lakini wifi alijua kuandika, na tajiri mwenye zizi alipotaka msimamizi, alimtaka mtu wa kushika daftari. Mwanafunzi akawa mkubwa, mwalimu akabaki na ndoo.

Mwaka ule tajiri alifungua zizi jingine ng'ambo ya mlima. Aliwakusanya watu wake akasema farasi atakayekuwa wa kwanza kwa usafi kwenye maonyesho ndiye atakayehamia huko, yeye na mtunzaji wake. Huko kulikuwa na chumba cha mtunzaji, kipya, chenye mlango wake na ufunguo wake. Wengine waliyasikia hayo kwa sikio moja. Mama Ndoo aliyasikia kwa mwili mzima. Kutoka kwa wakwe bila kufukuzwa! Kufunga mlango na kuuweka ufunguo kifuani!

Farasi wake alikuwa jike mweupe, mkia umeshuka mpaka karibu na kwato, na jina lake Bibi Harusi. Mpinzani alikuwa mmoja tu, dume mweupe wa Kirefu, mwanamume mrefu mwenye maneno mengi aliyefanya kazi banda la pili.

Asubuhi ya maonyesho, kumepambazuka tu, Mama Ndoo alifungua banda akashika kichwa. Jana yake alikuwa amezifunga singa za mkia kwa kitambaa, lakini kitambaa kilifunguka, na farasi amelalia mkojo wake. Ncha ya mkia ilikuwa ya manjano kama meno ya mvuta tumbaku.

"Ewe mwana wewe," alimwambia farasi. "Siku zote, na leo pia?"

Akaanza kazi. Maji ya vuguvugu, sabuni, vidole. Singa haichanwi kutoka juu ikiwa na maji, hukatika. Unaanzia ncha, unapanda kidogo kidogo, fungu kwa fungu. Aliosha mara ya kwanza, manjano. Aliosha mara ya pili, manjano yamefifia lakini yapo. Saa nne mwamuzi angepita na leso yake nyeupe, aishike singa kwa leso, avute, kisha aitazame leso. Ndivyo alivyofanya kila mwaka.

Basi akatoa buluu, ile ya kufulia shati jeupe. Kila mwenye farasi mweupe anaijua. Unaweka chembe ndogo kwenye ndoo mpaka maji yawe rangi ya mbingu, unauchovya mkia, unahesabu mpaka mia, unautoa. Manjano hukimbia. Lakini siku ile Mama Ndoo aliyaona manjano makubwa, na dhiki haina kipimo. Alitia chembe, akatia nyingine, akamalizia na kipande kizima. Akaiweka ndoo juu ya kreti, akautumbukiza mkia, akaanza kuhesabu.

Alikuwa amefika arobaini wifi alipokuja na daftari lake kwapani.

"Wifi, hujambo?"

"Sijambo. Usinisemeshe, nahesabu."

"Neno moja tu. Binti yangu anakuja kujifungulia kwangu. Chumba cha nyuma nakitaka. Mwisho wa mwezi, wifi yangu, usije ukasema sikukwambia."

Akageuka akaenda zake, kama mtu aliyeagiza chumvi dukani.

Mama Ndoo alisimama akitweta. Kisha miguu ikaondoka yenyewe. Alimfuata wifi mpaka ghala la majani, na huko akafungua kinywa kilichofungwa miaka saba.

"Binti yako! Na mimi nani? Nilipokuwa namwogesha mama yako wewe ulikuwa wapi?"

"Nani alikukataza kuondoka? Ulifungwa kamba?"

"Kaka yako alisema atarudi!"

"Kaka yangu anasema mengi. Wewe tu ndiye uliyemwamini, sisi tuliozaliwa naye tulishaacha zamani."

Watu waliokuwa ghalani wakacheka. Mama Ndoo hakucheka. Aliusema uji, aliyasema mashuka, aliyasema mazishi, alimsema mume na sahani tatu alizokula msibani, alilisema daftari na mkono uliolishika. Hakubakiza kitu. Alipokauka koo ndipo alipokumbuka mia yake.

Alikimbia. Aliuvuta mkia ndooni, akatoa sauti hata farasi wenyewe wakainua vichwa. Singa zilikuwa buluu. Si kibuluu cha kubahatisha, la, buluu iliyokolea, kuanzia ncha mpaka katikati.

Kirefu alichungulia juu ya ukuta wa banda.

"Salaala! Mama Ndoo, Bibi Harusi gani huyu, kaacha shela kavaa kaniki?"

"Kirefu, niache."

"Nakuacha. Lakini huyo ukimwanika, usimchanganye na nguo nyeupe."

Alikuwa na haki ya kucheka. La kwake lilikuwa limeshakamilika, dume lake limesimama linang'aa kama bakuli la udongo mweupe.

Saa mbili ilikuwa inaanza. Mama Ndoo aliosha kwa sabuni ya unga. Aliosha kwa sabuni ya kipande. Alikimbilia ghalani akaja na chupa ya siki waliyotumia kufukuzia nzi, akaimimina yote, na siki ikapita kwenye nyufa za vidole ikamchoma mpaka mabegani. Maji yalitoka buluu. Akabadilisha, yakatoka buluu. Akabadilisha tena. Bibi Harusi alichoka, akawa anapiga kwato chini na kuuvuta mkia, mara moja akamchapa nao usoni, mkia mzito wa maji, na Mama Ndoo akabaki ameinama, uso umelowa, asijue maji yapi ni ya mkia na yapi ni ya macho.

"Nipige," alisema. "Nipige tu, wote wamenipiga."

Kisha akaendelea. Alilia bila kusimamisha mikono. Alikiona kile chumba cha ng'ambo kikisogea mbali, mlango wake, kitasa chake, na kila ndoo aliyoimwaga ilikisukuma mbali zaidi. Saa tatu mkia ulikuwa rangi ya shingo ya njiwa. Saa tatu na nusu ulikuwa rangi ya maji yaliyosuuziwa kalamu. Kwa mbali ungesema mweupe. Lakini mwamuzi hatazami kwa mbali.

Wifi alikuja tena. Safari hii hakuwa na daftari. Alikuwa na kopo la poda, ile ya watoto wachanga, bila shaka alikuwa amemnunulia mjukuu. Aliutazama mkia, akautazama uso wa Mama Ndoo.

"Kausha kwa taulo upesi, upake hii," alisema kwa sauti ya chini. "Nyunyiza, chana, nyunyiza tena."

Mama Ndoo alimkazia macho. "Si wewe uliyetusomea karatasi ya maonyesho? Ulisema farasi asipakwe kitu chochote. Ulisema akipakwa anatolewa."

"Karatasi ni karatasi, wifi. Kila mtu anapaka. Leso nyeupe itaonaje poda nyeupe?"

"Kila mtu nani?"

"Kila mtu. Wewe hujawahi tu kwa sababu mkono wako ulikuwa haukosei."

Hapo ndipo Mama Ndoo alipopaswa kufikiri. Chumba cha nyuma wifi alikitaka, na Mama Ndoo akishinda angekihama kwa vigelegele, bila ugomvi, bila majirani kusimama milangoni. Faida ilikuwa ya wote wawili, hata mtoto angeiona. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Alichokiona yeye ni mkono wa ile nyumba, mkono uliochukua mume, ukachukua miaka, ukachukua kazi ya daftari, na sasa unamletea kopo ili atolewe uwanjani mbele za watu. Na ile karatasi asingeweza kuisoma akajua ukweli uko wapi.

Alilichukua kopo, akalifungua, akalimwaga lote kwenye mfereji wa maji machafu.

"Mpelekee binti yako," alisema.

Wifi alitazama poda inavyoelea. Akageuka akaondoka.

Saa nne farasi walipangwa uwanjani, mmoja mmoja na mtunzaji wake. Mama Ndoo alikuwa amevaa gauni kavu, mikono ameificha nyuma kwa kuwa viganja vilikuwa buluu. Mwamuzi, mzee mwembamba mwenye miwani, alipitisha leso kwenye manyoya ya Bibi Harusi, ikatoka safi. Akapitisha chini ya tumbo, safi. Kwenye kwato, safi. Akatikisa kichwa kwa kuridhika kama anayeonja mchuzi wa mtu anayemjua. Kisha akaushika mkia, akavuta.

Aliitazama leso kwa muda mrefu. Palikuwa na mstari mwembamba wa buluu.

"Mama, hii nini?"

"Buluu ya kufulia, mzee."

"Uliweka nyingi?"

"Niliweka nyingi."

"Ah, mama." Alisema kwa huruma, na huruma ile ilimuuma kuliko teke. "Farasi msafi hivi."

Akaenda kwa dume la Kirefu, akavuta mkia, na kivumbi chembamba cheupe kikapaa juani, kila mtu akakiona, mwamuzi naye akakiona. Alipiga chafya. Leso ikatoka nyeupe kama ilivyoingia. Kirefu akapewa utepe wa kwanza. Mama Ndoo akapewa wa pili.

Walipokuwa wanarudi mabandani, Kirefu hakuwa na mzaha. Alitembea kando yake, akasema, "Mama Ndoo, poda hukuwa nayo? Ungeniambia. Mimi wifi yako ndiye aliyenifundisha mwaka juzi, na kopo ninalo."

Mama Ndoo alimpita akaingia bandani. Alimfunga Bibi Harusi, akamletea maji, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Utepe aliuweka magotini. Kwa miaka mingi alikuwa akizihesabu dhuluma za watu, na hesabu yake haikuwahi kumshinda. Leo alihesabu akakuta moja haina mtu wa kumbandikia. Ile alikuwa ameimwaga mwenyewe mferejini.

Jioni ilipokaribia wifi alipita kufunga ghala. Mama Ndoo alisimama.

"Wifi."

"Nakusikia."

"Nilidhani unanitega."

"Najua ulichodhani." Wifi alikuwa akihangaika na kufuli. "Mimi na wewe hatupendani, sikatai. Lakini ningekutega ili upate nini? Uendelee kukaa kwangu?"

Mama Ndoo alimsogelea. "Niongezee mwezi mmoja. Mpaka binti ajifungue. Nitamsaidia, nimeuguza mimi, najua."

"Mwenzangu, atalala wapi? Na mumewe anakuja naye." Kufuli likakubali. "Ungeniomba asubuhi badala ya kunivua nguo mbele ya watu, labda ningemwambia alale sebuleni. Sasa nimeshampigia, amefunga na mizigo."

"Basi sina la kusema."

"Huna."

Wifi alichomoa ufunguo, akageuka kuondoka.

"Nisaidie kubeba kitanda, basi," alisema Mama Ndoo. "Peke yangu hakipiti mlangoni."

"Kitanda ni cha mama."

"Na godoro?"

Wifi alifikiri. Alifikiri kweli, kama mtu anayepima haki kwa mara ya kwanza na hajui mizani inashikwa wapi.

"Godoro lako," alisema. "Godoro chukua."