Hita ya Boti katika Nyumba ya Vifaranga

Harufu ya dizeli ikikutana na harufu ya maranda mapya ya msaiprasi, mimi huwa sipo tena hapa nilipo. Huwa niko Mautuma, nyumbani kwa Kukhu, mama mzazi wa baba yangu, mwezi wa Agosti, shule zimefungwa na mawingu yamefunguka. Nilikuwa darasa la tano. Baridi ya Mautuma haina makelele, lakini inaijua kazi yake: asubuhi ukungu hulala juu ya mahindi hadi saa tatu, umande huloweka sketi mpaka magotini, na mtoto aliyetumwa kisimani hurudi vidole vimekufa ganzi. Wazazi wangu walifanya kazi mjini Kakamega, na kila likizo walinipeleka kwa Kukhu nikale obusuma, ule ugali wa wimbi unaong'ang'ania tumboni mpaka jioni, na nijifunze, kama alivyopenda kusema baba, kwamba maziwa hayatoki dukani. Nilikwenda nikiruka. Lakini likizo ile nilimkuta Kukhu amebadilika. Alinipokea kwa mkono, akaniuliza habari za shule, kisha akanyamaza. Sikuwa nimewahi kumwona Kukhu akinyamaza.

Sababu niliijua baada ya siku mbili. Kwetu kuku si mboga tu. Mgeni asipochinjiwa ingokho, yaani kuku, atakwenda zake akisema hakufika, na bibi arusi asiyetoka kwao na mtetea wa kuanzia maisha huonekana ametoka mikono mitupu. Kukhu ndiye aliyekuwa mama wa kuku wa kijiji kizima. Alinunua vifaranga wa siku moja, akawalea mpaka wakaota manyoya, na nusu ya matetea waliokuwa wakichakura kwenye nyua za majirani walipita mikononi mwake. Mwezi wa Juni, baridi ilipokaza, aliwawashia jiko la makaa na kufunga madirisha ili joto lisitoroke. Alfajiri aliwakuta wamelala chali, mia mbili na zaidi, wote. Si baridi iliyowaua, ni hewa ya makaa. Aliwazika kwa jembe lake mwenyewe, akafunga mlango wa nyumba ile kwa kipande cha waya, akasema hatalea tena. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kukhu alishtuka hata akiona gunia la makaa sokoni.

Ndipo akaja Senge Fronika. Senge ni dada ya baba, na huyu wetu alikuwa fundi wa injini za dizeli. Alikuwa amefanya kazi miaka kumi na moja katika kiwanda cha sukari, mwanamke pekee kwenye karakana yao, mpaka kiwanda kikasimama na mafundi wakaambiwa waende nyumbani wasubiri. Alirudi Mautuma na sanduku la spana, na watu wakaanza kuuliza, wakijifanya wanamhurumia, kama sasa angejifunza kushona. Siku hiyo alishuka kwenye bodaboda amebeba boksi kubwa lililofungwa kwa kamba za mpira, matope mpaka kwenye kope, anacheka. Ndani ya boksi kulikuwa na kitu cha chuma chenye ukubwa wa mkoba wa shule, kimezungukwa na mabomba, nyaya na vikorokoro.

"Mulembe, mama," alimsalimu. "Nimekuletea moto usio na moshi."

Kukhu alikitazama kwa mbali, mikono nyuma. "Kimetoka wapi?"

"Kisumu, kwa wauza vyuma vikuukuu. Kilikuwa ndani ya boti ya wazungu. Huko kwao ni baridi sana, watu wanalalanga ndani ya boti, sasa hii inawapulizia hewa moto."

"Boti," alisema Kukhu. Akageuka akaangalia mahindi upande huu, mahindi upande ule, na ng'ombe wa jirani katikati. "Na hapa wewe unaona ziwa?"

Kufika jioni kijiji kizima kilikuwa na habari kwamba Fronika ameleta mashine ya boti. Kesho yake Mwalimu Andala, jirani yetu mstaafu aliyependa mzaha kuliko chai, alipita njiani akapaza sauti, "Hodi bandarini! Meli inaingia lini?" Jina likashika. Watoto wenzangu hawakusema tena twende kwa kina Nafula, yaani mimi. Walisema twende bandarini. Senge alicheka pamoja nao, lakini mimi niliyelala naye chumba kimoja nilimwona akiikazia macho ile mashine kama mtu anayepima mpinzani. Alikuwa amekwisha kuagiza vifaranga mia tatu bila kumwambia Kukhu. Wangefika Ijumaa. Siku ile ilikuwa Jumamosi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Aliniambia nivae nguo ninazozichukia, kisha akanifundisha jinsi mashine inavyofanya kazi, akichora kwa kijiti udongoni. Kuna matumbo mawili, alisema. Katika tumbo la ndani dizeli inaungua, na hewa yake chafu inatoka nje kwa bomba lake. Tumbo la nje linazunguka lile la ndani. Feni inavuta hewa safi, hewa inapita ikipashwa na chuma kilicho moto, halafu inaingia chumbani. Hewa hizo mbili zinapakana lakini hazikutani kamwe. "Kama watu wawili waliokosana na wanalala nyumba moja," alisema, na hiyo ndiyo sayansi iliyokaa kichwani mwangu kuliko yote niliyofundishwa baadaye.

Tulifanya kazi siku nne. Tuliondoa waya mlangoni, tukafagia, tukapaka chokaa, tukafungua madirisha yote yapungwe na upepo. Senge alitoboa ukuta wa udongo kwa patasi, akaweka bamba la bati ili bomba la moshi lisiguse mbao, akalizungushia kitambaa kisichoshika moto na kulielekeza chini, upande wa migomba, ambako upepo haurudi nyuma. Bomba la kuvutia hewa safi alilipitisha ukuta wa pili kabisa, mbali na moshi. Mimi nilishika. Nilishika tochi, nilishika koleo, nilishika ncha ya waya huku yeye akivuta ile nyingine, na nikajua spana namba kumi na tatu kwa kuigusa tu mfukoni mwa ovaroli yake. Dirumu la plastiki likawa tangi la dizeli, likakaa nje kwenye kibanda chake. Betri tuliipata kwenye trekta bovu, ikachajiwa kwenye kinu cha kusagia unga sokoni. Kukhu alipita mara kwa mara akijifanya anatafuta kuku aliyepotea. Siku ya pili alituletea chai, na siku ya tatu alileta chai na viazi vitamu, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa akatazama.

Jumatano mchana Senge alibonyeza kitufe. Feni ikaguguma. Pampu ikaanza kugonga, tik, tik, tik. Tukangoja. Bomba la nje likatoa kamoshi keupe kama pumzi ya mbuzi asubuhi, likakohoa, kila kitu kikazima. Akajaribu tena. Hivyo hivyo. Alifungua akasafisha, akafunga, akajaribu. Alibadilisha klipu, akanusa dizeli, akapima betri. Hadi Alhamisi asubuhi tulikuwa tumeisikia ile tik tik mara nyingi hata nikawa naiota. Mwalimu Andala alisimama kwenye ua akauliza kama nahodha amepotea baharini, na kwa mara ya kwanza Senge hakucheka. Aliketi chini kwenye maranda, miguu imenyooka kama mtoto, mafuta kwenye shavu.

"Shida ni nini, Senge?" nilimuuliza.

"Sijui," alisema.

Nilishtuka. Mpaka siku ile sikuwa nimemsikia mtu mzima akisema neno hilo mbele yangu bila kuongeza hasira juu yake. Walimu wetu walijua kila kitu, na padri pia. Senge alilisema tu, kama mtu anayetaja rangi ya shati, kisha akanirushia kijitabu kilichokuja na mashine. Kilikuwa kimeandikwa kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua Mautuma nzima. "Angalia hata wewe. Macho yangu yamechoka."

Nilikifungua, na kwa kuwa sikuweza kusoma niliangalia picha. Kulikuwa na boti iliyokatwa ubavu kama samaki, na ndani yake mashine yetu, tangi lake na pampu yake. Nilianza kucheka. Nilitaka tu kumchangamsha. "Huyu mchoraji hajui kuchora, Senge. Mashine ameinyoosha, tangi amelinyoosha, pampu ameiacha imeinuka kichwa kama kenge anayeota jua. Mwalimu wetu wa sanaa angemchapa."

Senge aliinuka ghafla. Alinipokonya kijitabu. Akaiangalia ile picha, akaiangalia pampu yetu tuliyoilaza chini ya meza iliyobeba mashine, imelala sawasawa, nadhifu kabisa. Akaweka mkono kichwani.

"Hewa," alisema polepole. "Kuna kipovu cha hewa kinanaswa humo ndani. Kikilala hakipati njia ya kupanda. Nafula! Hajakosea. Ameichora imeinama kwa sababu inatakanga kuinama!"

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Senge aliingia chini ya meza mzima mzima, miguu tu ndiyo iliyobaki nje. Nilimpa spana kabla hajaitaja. Aliiinua pampu upande wa kutokea dizeli, akaifunga tena, akatoka na buibui kwenye nywele. "Bonyeza wewe," aliniambia.

Nikabonyeza. Feni, kisha tik, tik, tik. Katika mpira mwembamba wa dizeli niliona vipovu vidogo vikipanda kimoja nyuma ya kingine, vikipotea. Kamoshi keupe kakatoka, kakakohoa, nikafumba macho. Halafu sauti ikabadilika. Ilianza kama mtu anayepuliza chupa, ikanenepa, ikawa mngurumo mmoja mtulivu, na kutoka kwenye tundu la chumbani ikaja hewa yenye joto, laini, ikanipiga usoni kama pumzi ya ng'ombe. Senge alinibeba juu akazunguka nami, nami nilikuwa nimeshakuwa mkubwa mno kubebwa.

Kukhu hakuja mbio. Alikuja na leso yake nyeupe ya kanisani, aliyokuwa akiibeba Jumapili tu, akaifunga kwenye tundu la hewa moto. "Moshi wa makaa ulinidanganya kwa sababu sikuuona," alisema. "Huu nao utajieleza." Akatutoa nje, akaweka ndoo yake mlangoni, akakaa. Senge alimwambia kwa heshima kwamba hewa mbaya kabisa haiachi alama wala harufu, kwa hiyo madirisha ya juu yatabaki wazi siku zote, leso iwe safi isiwe safi. Kukhu akaitikia kwa kichwa. Saa nzima ilipita. Alipoifungua, leso ilikuwa nyeupe kama ilivyoingia, imekauka na ina joto. Aliiweka shavuni. Ndipo akaanza kucheka, kwanza kimya, mabega yakitikisika, halafu kwa sauti, halafu akainuka akacheza mabega palepale uani, peke yake, bila ngoma, akimwita Mwalimu Andala kwa jina aje aone meli imetia nanga. Naye Mwalimu alikuja. Alivua kofia, akaingia, akakaa mbele ya tundu lile muda mrefu, na alipotoka alisema tu kwamba magoti yake hayajawahi kujisikia hivi tangu astaafu.

Vifaranga walifika Ijumaa kwenye maboksi yenye matundu, wakilia kama mvua inayokaribia kutoka mbali. Kukhu aliwatoa mmoja mmoja, akawachovya mdomo majini ili wajue maji yalipo. Asubuhi ya kwanza tulikwenda watatu kufungua mlango, Kukhu mbele, naye alitega sikio mlangoni kabla ya kuvuta komeo. Nje ukungu ulikuwa mzito hata migomba haikuonekana. Ndani walikuwa wametawanyika sakafu nzima, wengine wakila, wengine wamejinyoosha ubavu kwa raha, mmoja amesimama juu ya mgongo wa mwenziwe akijaribu kuruka. Hakuna aliyekuwa amejikunyata. Kukhu alipiga magoti kwenye maranda nao wakampanda kila mahali, na alianza kuzungumza. Hakunyamaza tena mpaka likizo ikaisha.

Hita ile ilitumika misimu minne. Kisha sehemu yake moja iliungua na haikupatikana nyingine, na wakati huo umeme ulikuwa umefika Mautuma, hivyo vifaranga wakahamia chini ya taa nyekundu. Taa ni safi, ni kimya, na mtu yeyote anaweza kuiwasha. Kukhu sasa ni mzee sana. Hafugi tena wengi, lakini bado anamtambua kifaranga mgonjwa kwa mlio wake. Wale waliouliza kama Senge atajifunza kushona walianza kumpelekea majenereta na pampu za maji mwaka uleule, na leo ana karakana sokoni na wasichana wawili anaowafundisha.

Mimi naishi mjini Kakamega. Mwaka huu nilihamia nyumba mpya, na fundi akaja kunifungia hita ya maji ya kuoga. Alitumia nusu saa. Alifanya kazi safi, akajibu maswali yangu bila kuinua macho kutoka kwenye simu, akaniambia nibonyeze. Nikabonyeza, maji yakaja moto, akakusanya vitu vyake akaaga. Nilibaki bafuni nimesimama, mkono chini ya maji, na mlango wazi nyuma yangu. Sikuwa na shida yoyote. Kilichonipata ni hamu kubwa ya kumwita mtu aje aone. Nikampigia Senge.

"Nimefungiwa hita, Senge," nilimwambia.

"Imewaka?"

"Imewaka."

Na huko Mautuma, katikati ya soko, mbele ya wateja na wanafunzi wake, nilimsikia Senge Fronika akipiga kigelegele.