Nilidhani aliyewahi kufungwa hapati fao la kukosa ajira, nusura nijikoseshe mwenyewe

Kamwene wakuu, mlioko kwenye joto na sisi wa huku kwenye friji.

Hili limenikuta mimi mwenyewe. Chumvi nitaongeza kwenye baridi tu, mengine yote ni kama yalivyotokea.

Mnijue kwanza. Naishi Makambako, sekondari nimemalizia masomo ya jioni. Uraia nilipata C, kwa hiyo mtaani kwetu mimi ndiye mwanasheria.

Halafu nimewahi kufungwa. Miezi sita. Nilikuwa nasafisha shamba kwa moto, upepo ukageuka, moto ukaingia kwenye misonobari ya jirani. Inasemekana moshi ulionekana hadi Manda, kule Ziwa Nyasa. Mahakamani sikubisha, koti langu lilikuwa bado linanuka.

Nilipotoka nikasimama mbele ya usharika, nikatubu, nikarudishwa kundini. Kwetu kesi inaishia hapo.

Nikapata kazi kiwanda cha mbao. Miaka minne, kila mwezi nakatwa mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii.

Mwaka huu kiwanda kikaanza kupunguza watu. HR, bwana mmoja mpole sana, akaniita.

"Mgaya, kwa rekodi yako ile fao la kukosa ajira hupati. Andika tu barua ya kuacha kazi, uondoke kwa heshima."

Nikaandika wakuu. Kurasa mbili, aya zimenyooka kama mistari ya chai. Niikabidhi Jumatatu.

Mke wangu, Mama Neema, alikuwa na mimba ya miezi minane, na kipato chetu kingine kilikuwa viazi ambavyo bado viko ardhini. Akaisoma.

"Baba Neema, nani kasema hupati?"

"HR."

"Kwani HR ndiye anayelipa?"

C yangu ya Uraia ikaanza kutafuta nauli.

Ijumaa nikapanda kwenda Njombe, ofisi ya mfuko. Nikamchukua Mzee Mwalongo, mzee wetu wa kanisa, awe shahidi. Nikabeba hati ya kutoka gerezani na barua ya mchungaji, ina muhuri kabisa.

Nilipofika dirishani nikasimama kama nilivyosimama kanisani.

"Dada, mimi nilifungwa. Nilichoma misonobari ya watu."

Baba mmoja nyuma yangu akavua kofia.

"Na ametubu," Mzee Mwalongo akaongeza. "Nilikuwepo."

Dada akatutazama. "Poleni. Sasa baba, kazini umeachishwa au umeacha mwenyewe?"

"Habari ya jela huulizi?"

"Fomu haina sehemu hiyo. Umeachishwa au umeacha?"

Nikampa barua yangu kwa fahari. Akasoma ukurasa mmoja, akasimama.

"Umeshaipeleka?"

"Jumatatu."

"Usiipeleke! Ukiacha kwa hiari, fao hili hupati. Kama wanakupunguza, wakupe wao barua ya kukupunguza."

Mzee Mwalongo akataka uhakika. "Kwa hiyo mwanangu jela haimzuii, anazuiwa na mwandiko wake?"

"Mwandiko mzuri, baba. Ila ndiyo."

Jumatatu HR akaninyooshea mkono. "Umeleta barua?"

"Nimefuata yangu, bosi."

Upole ukamwisha palepale. Alinizungusha wiki mbili, siku ya mwisho nikaenda na Mzee Mwalongo kavaa suti. Barua ikatoka.

Nikajaza fomu, michango ikaonekana inatosha. Fao liliingia wiki aliyozaliwa mdogo wake Neema.

Nilichojifunza: jela nilishaimaliza, ila nilikuwa najiongezea kifungo mwenyewe, tena bila kuulizwa na mtu. Masharti kaulize ofisini kwenyewe, na usisaini kuacha kazi ambayo hujaiacha.

Kama kuna mwenye rekodi kama yangu aliyepita njia hii, atueleze yeye alijibiwaje. Wa kucheka pia karibuni.

Mtakaouliza ile barua ya kurasa mbili iko wapi: Mama Neema aliiwashia jiko la kuni. Nilisimama pembeni na ndoo ya maji mpaka ikaisha.