Mababu Kumi na Wanne kwa Pumzi Moja

Mwaka niliomaliza Kidato cha Nne nilikuwa nimepata nafasi katika chuo cha ualimu, ng'ambo ya daraja la Tana. Pale darajani askari walimteremsha kwenye basi kila Msomali asiye na kipande. Bila kitambulisho ningebaki Garissa kuuza maziwa na mama.

Mtu wa kwetu, ili apate kitambulisho, anasimamishwa mbele ya kamati: ofisa mmoja wa kutoka bara na wazee wetu watatu. Anataja abtirsi, yaani baba, babu, baba wa babu, hadi wazee waridhike kwamba hakuvuka mpaka jana. Mimi nilifundishwa na awoowe, babu yangu, nikiwa na miaka mitano. Nilipofika mwisho bila kuvuta hewa alinipa tende. Majina kumi na manne, pumzi moja.

Basi nikatiririka.

"Simama!" ofisa akasema. Alikuwa bado anaandika la pili. "Huyu wa nne ni nani?"

Hapo nikaharibu. Wa nne peke yake simjui. Ukiulizwa aya ya nne si unaanza na Bismillahi? Nikaanza upya, tangu baba. Akanikata kwa wa sita. Nikaanza upya tena. Mimi ni mwoga wa watu, na nikiogopa mdomo unakimbia.

"Kasuku," akawaambia wazee. "Huyu amekaririshwa juzi, huko Dagahaley, kambi ya wakimbizi. Nani anataja babu zake kama redio?"

Nikamjibu kwa Kiswahili kilichonipatia zawadi shuleni: "Bwana, nilizaliwa nyuma ya soko hili la mifugo."

Akacheka. "Na Kiswahili hiki umekitoa wapi? Wasomali wote ninaowajua huniambia 'bole bole', si 'pole pole'. Hebu sema ukweli, wewe ni wa wapi?"

Mmoja wa wale wazee ni binamu ya baba. Kila Ijumaa anakunywa chai kwetu, vikombe vitatu. Siku hiyo alikuwa anachunguza kofia yake kana kwamba ndiyo inayoomba kitambulisho.

"Rudi mwezi ujao," ofisa akasema.

Nje kwenye foleni kijana mmoja akanipigia kelele, "Abaay, dada yangu, umeanguka mtihani wa babu yako!" Wote wakacheka, hata waliokuwa wakitetemeka. Niliwachukia mmoja mmoja.

Mama hakunibembeleza. "Yule anataka kukuona unatafuta majina," alisema. "Basi mtafutie."

Mwezi mzima, nikiosha vibuyu vya maziwa, nilijifunza kutojua. Jina moja, kimya. Jina jingine, macho juu, kwenye bati la paa. Nikasahau kwa makusudi, nikakumbuka kwa makusudi.

Niliporudi mbele ya kamati nilikuna kichwa kwa wa tano. "Ngoja kidogo..." Kwa wa tisa nilikosea, nikajirekebisha. Kiswahili changu cha zawadi nilikiacha nyumbani. "Babu ni mingi," nikamwambia, "andika bole bole."

Mzee wa chai akapata shingo, akatikisa kichwa kukubali.

"Umeona?" ofisa akasema, akigonga muhuri. "Leo unasema ukweli."

Kitambulisho ninacho. Darajani nilikionyesha, basi likapita. Lakini jana, peke yangu bwenini, nilijaribu kumsomea awoowe, Mungu amrehemu, yale majina kwa pumzi moja. Nilipofika kwa wa nne nikasimama. Hakuna aliyekuwa amenikata.